Siku Bibi Aliponadiwa Kanisani

Juzi fundi anayenijengea nyumba hapa Makambako alipasua mfuko wa saruji mbele yangu, nikapiga chafya tatu mfululizo, kisha nikaanza kucheka peke yangu. Siku hizi mifuko mingi ya saruji ni ya nailoni. Huu ulikuwa wa karatasi ya kaki, ile ya matabaka matabaka, na harufu yake ya vumbi na gundi ilikuwa ileile niliyoijua. Nilimwomba fundi asiutupe. Akauliza nautakia nini. Nikamwambia kwetu tuliwahi kumchora Bibi kwenye mfuko kama huo. Fundi akanitazama, akalitazama jua, akaendelea kukoroga zege.

Nilikuwa darasa la tatu mama alipojifungua mapacha, na mimi nikapelekwa kwa Bibi, kijijini Kifanya, "kwa muda mfupi." Wenzangu mliolelewa na bibi mnaufahamu muda mfupi wa watu wazima, wangu ulikuwa miaka miwili. Baba alibaki Makambako na yadi yake ya mbao. Bibi alikuwa mama yake mzazi, mjane, mwanamke mnene asiyekaa kitako isipokuwa kanisani, na hata kule alikaa kwa sababu hakuna cha kupalilia. Alinifundisha kupanda viazi, kumenya njegere, na kuamka katika baridi ile ya Juni kabla sijaitwa mara ya pili. Nilimpenda sana na kumwogopa vilevile.

Sikumaliza miezi mitatu pale, akaja Baba Mdogo Yona, kitinda mimba wa Bibi. Alikuwa amehitimu chuo cha sanaa kule pwani, alikosomea uchongaji. Shida ni kwamba Bibi hakuwa amewaambia watu hivyo. Sijui alielewa vibaya au aliamua kuelewa anavyotaka mwenyewe, ila Kifanya nzima ilijua kuwa Yona anasomea useremala. Wiki ya kwanza tu watu wakaanza kuleta maombi yao: huyu anataka kitanda, huyu kabati la vyombo. Babu Ngailo, mdogo wake marehemu babu yangu, ambaye kwa hiyo alikuwa shemeji yake Bibi, tena mzee wa kanisa, aliagiza kigoda. Baba Mdogo hakuweza kumkatalia mtu mzima. Alichonga gogo la mpaini siku tisa, na alipolikabidhi lilikuwa na tundu kubwa katikati na juu limechongoka.

Babu Ngailo alilizunguka mara mbili.

"Mwanangu, hapa mtu anakalia wapi?"

"Halikaliwi, baba. Linatazamwa."

"Nitalitazama nikiwa nimesimama?"

Kigoda kile kikarudi kwetu, kikaungana uani na michongo mingine aliyoendelea kuichonga. Haukuwamo hata mmoja uliofanana na mtu, mnyama au chombo. Ilikuwa ni mikunjo, migongo na matundu tu. Bibi alipita katikati yake na ndoo kichwani akiguna. Halafu ikaja siku moja kuni zote zimelowa, na tuliporudi kutoka kisimani tukakuta makande yameiva mapema kuliko kawaida na mchongo mmoja haupo. Baba Mdogo akauliza kwa upole kama kuna mtu ameuhamisha.

"Uliwaka vizuri," Bibi alisema, akampakulia.

Hadi leo naamini alikuwa anamsifia.

Kilichomfanya Baba Mdogo aingie kwenye karatasi ni ajali. Gogo la mlingoti, yaani mkaratusi, lilibingirika likambana mkono wa kushoto, akapelekwa hospitali Njombe mjini, akarudi amefungwa hogo jeupe la plasta kutoka vidoleni hadi kwenye kiwiko. Patasi inataka mkono wa kuishika na mwingine wa kuigonga, na yeye alikuwa amebaki na mmoja. Siku tatu alikaa chumbani akitazama ukuta. Siku ya nne akatoka nje, akaiona mifuko mitupu ya saruji iliyorundikwa palipokuwa pakijengwa ofisi ya mchungaji, akasimama pale muda mrefu. Jioni ile nikapata kazi.

Kazi yangu ilikuwa kuikung'uta mifuko, kuipasua kwenye mshono na kubandua tabaka za ndani, zile zisizo na maandishi. Baadaye nilizipiga pasi. Bibi alikuwa na pasi ya mkaa aliyoitumia kwa nguo za Jumapili peke yake, nami niliiiba kila alipokwenda shamba, nikapiga pasi mifuko ya saruji kwa bidii ambayo sare yangu ya shule haikuwahi kuipata. Karatasi ikipata moto ilinyooka na kutoa harufu nzito iliyonikaa puani hadi kwenye chakula. Mkaa wa kuchorea tuliuchukua jikoni. Kifutio kilikuwa bonge la ugali wa jana: Baba Mdogo alilifinyanga, akaligandamiza juu ya weusi, na pale alipogandamiza pakapata mwanga. Bibi hakuambiwa kuhusu ugali. Kuna mambo ambayo hata mtoto wa darasa la tatu anajua hayasemwi.

Alichora amepiga magoti sakafuni. Mara nyingi ulikuwa mstari mmoja mnene uliopanda, ukapinda, ukashuka kwa uzito, halafu chini yake weusi mwingi aliousugua kwa kiganja. Nilikaa pembeni nikingoja kitu kitokee, labda ng'ombe au nyumba. Hakikutokea chochote.

"Unachora nini, baba mdogo?"

"Uzito."

"Uzito wa nini?"

"Uzito tu. Unavyokaa. Kabla sijachonga kitu lazima nijue uzito wake unakaa wapi."

Jibu hilo nililifanyia kazi siku kadhaa. Mimi nilijua vitu vizito viwili, gunia la viazi na Bibi. Gunia la viazi lina pembe, na michoro ile haikuwa na pembe. Tena dirisha la chumba kile lilitazama shamba, na shambani alikuwamo Bibi, ameinama anachimba viazi, ametupa mgongo. Baba Mdogo alikuwa anatazama nje, anachora. Anatazama tena, anachora. Ndipo nilipogundua. Baba Mdogo alikuwa anamchora mama yake mzazi, kwa nyuma, ameinama.

Sikumwambia mtu. Nilikuwa nimeshafundishwa amri ya kuwaheshimu baba na mama, na nilikuwa na hakika kwamba jambo hili limo ndani yake mahali fulani. Nilijua Bibi akigundua atamfukuza. Kwa hiyo kila jioni kabla ya kulala nilimwombea Baba Mdogo, na kila asubuhi niliificha michoro chini ya godoro lake, yeye akidhani naihifadhi isikunjamane. Alinishukuru kwa utunzaji, nami nikaitikia kwa sura ya mtu anayebeba mengi.

Hogo lilitolewa juma lile la Sikukuu ya Mavuno. Kwetu siku hiyo kila mtu mzima hupeleka kanisani kazi ya mikono yake, na baada ya ibada vitu vyote hunadiwa humohumo kanisani. Jumamosi mchana Bibi alikuwa anachagua maboga yake mazuri, akamgeukia mwanawe.

"Na wewe, Yona, kesho unapeleka nini?"

"Nitapeleka karatasi moja, mama."

Bibi aliweka boga chini. Nilijua mambo yameharibika, maana Bibi hakuwa mtu wa kuweka kitu chini ili aongee.

"Sikiliza. Mimi sikucheki. Nikikutazama sipati usingizi. Nikifa leo wewe utakula nini, utakula karatasi? Kaka yako ana yadi, anataka mtu wa kupakia mbao. Jumatatu lori lake linapita hapa."

"Mama, mkono wenyewe..."

"Utaanza na mbao nyembamba. Haya, tukubaliane. Kesho, kama atapatikana mtu mmoja, mmoja tu, akaitaka hiyo karatasi yako kwa haki, si kwa kunionea huruma mimi, sitafungua mdomo wangu tena. Ikirudi nyumbani na sisi, Jumatatu unapanda lori."

"Sawa, mama," alisema Baba Mdogo. Nilimchukia kwa jinsi alivyokubali upesi.

Mimi nilizijua mbao. Kwenye yadi ya baba nilishawaona wapakiaji jioni vidole vimekakamaa hawawezi kushika kikombe kwa sikio lake, wanakibana kwa viganja viwili. Nilimtazama Baba Mdogo, mkono wake wa kushoto umetoka kwenye hogo umesinyaa na kupauka, na nikamwonea huruma. Usiku ule maombi yangu hayakuwa na mpangilio wowote.

Kanisa lilijaa. Mbele kulikuwa na maboga, mikungu ya ndizi iliyosafirishwa na watu wa mabondeni, parachichi, kuku waliofungwa miguu, na kikapu cha simbilisi ambao, wakati mchungaji anahubiri juu ya utoaji wa moyo mkunjufu, walitoa vichwa wakala kona moja ya karatasi ya Baba Mdogo. Mimi peke yangu niliona. Sikujua kama niwashukuru kwa kupunguza aibu au niwafukuze.

Mwinjilisti wetu alikuwa fundi wa minada. Alikuwa na uwezo wa kunadi jogoo aliyenyonyoka shingo hadi ndugu wakakosana. Siku ya mavuno hakumkataza mtu kutaja bei kwa mazao, maana ndiyo tuliyokuwa nayo. Kuku wakaenda, maboga yakaenda, simbilisi wakaenda wakiwa bado wanatafuna. Kisha akaikunjua ile karatasi.

"Hii ni..." alisema. "Hii ni kazi ya mikono ya kijana wetu Yona. Bwana Yesu asifiwe!"

"Amina," walijibu, kwa sauti ndogo kuliko waliyompa jogoo.

Aliishika wima, akaigeuza, akaigeuza tena.

"Yona, juu ni wapi?"

"Upande wowote, mwinjilisti."

"Mmesikia? Ukitundika vibaya haiharibiki! Nani anaanza? Hata yai moja."

Hakuna aliyeanza. Mtu mmoja nyuma aliuliza kama saruji imetoka yote. Mwinjilisti, ambaye sijawahi kumwona akishindwa, aliipunga karatasi kulia na kushoto, akasema ni imara, akasema haipitishi baridi, akasema inafaa hata kutandika chini ya vifaranga. Bibi alikuwa amekaza macho kwenye boga alilolinunua, amelishika mapajani. Baba Mdogo alikuwa anatabasamu, lile tabasamu la kubana midomo ambalo mtu huliweka ili uso usifanye kitu kingine.

"Mara ya kwanza," alisema mwinjilisti. "Mara ya pili."

Wenzangu, nilikuwa na siri ya kumfukuzisha mtu nyumbani, na nilikuwa na lori la Jumatatu. Nilikuwa na umri wa miaka tisa, na nusu dakika tu ya kufikiri. Nikasimama juu ya benchi.

"Ni Bibi!" nilipiga kelele. "Huyo ni Bibi yangu anachimba viazi! Ni Bibi kwa nyuma!"

Macho yote yakaenda kwenye karatasi, yakaenda kwa Bibi, yakarudi kwenye karatasi. Mwinjilisti mwenyewe aliigeuza ili aione vizuri. Ndipo mama mmoja wa kwaya akasema taratibu, akiwa ameshika kifua:

"Jamani. Ndiye."

Sijawahi kusikia kicheko kama kile mahali patakatifu. Watu waliokuwa hawaoni kitu sasa waliona kila kitu: huu ndio mgongo, hapa ndipo kitenge kilipofungwa, hapa jembe limezama. Babu Ngailo alisimama akifuta machozi kwa kofia yake.

"Miaka yote napita shamba la shemeji asubuhi, nasema kamwene, naitikiwa kamwene, na aliyekuwa ananiitikia ni huyu hapa! Sura hii naijua kuliko ile ya mbele! Mwinjilisti, debe moja la viazi. Nitaitundika sebuleni, juu ya redio."

Bibi akainuka. Hakuwa na haraka. Aliliweka lile boga kwenye benchi, akajifunga kitenge upya kiunoni.

"Madebe mawili."

"Shemeji, kumbe unajipenda hivyo! Matatu!"

"Manne."

"Matano, na kuku yule niliyemnunua sasa hivi. Wageni wangu wote wataanza kusalimia ukutani!"

"Gunia zima," alisema Bibi. "Na anayetaka kuongeza aongeze. Mimi nitaongeza kumweleza mkewe mahali alipokuwa Jumamosi jioni, na kilichokuwamo kwenye kikombe."

Babu Ngailo akakaa. Pale kijijini kila mtu alijua ulanzi, ile pombe ya mianzi, unauzwa nyumba gani, ila mzee wa kanisa hakutakiwa kujua.

"Mara ya tatu!" alifoka mwinjilisti kwa furaha isiyo na kifani. "Imekwenda kwa mama mwenyewe!"

Tulirudi nyumbani. Bibi alitangulia, karatasi ameikunja kwapani, akiitikia salamu za watu bila kugeuka, na watu walikuwa wanasalimia kuliko siku zote. Baba Mdogo alitembea nyuma yake, mimi nyuma ya Baba Mdogo. Nilijaribu kupiga hesabu ya makubaliano. Mtu mmoja ameitaka, hilo halina ubishi, lakini karatasi imerudi nyumbani na sisi, na hilo nalo halina ubishi. Na mimi nilikuwa nimemwaibisha Bibi mbele ya usharika mzima. Tulipofika uani Bibi hakwenda sebuleni. Aliingia jikoni na ile karatasi, na moshi ulikuwa unatoka.

Baba Mdogo alisimama. "Mwache," aliniambia. "Ni yake, ameinunua."

Lakini mimi niliingia, naye akanifuata.

Bibi hakuwa ameichoma. Alikuwa ameitandaza juu ya gunia tupu, pembe tatu ameziwekea viazi zisikunjike, ya nne ilikuwa imeliwa. Alikuwa amepiga magoti kando yake, kitu ambacho sikuwahi kumwona akikifanya kwa kazi isiyo ya shamba wala ya sala.

"Yona," alisema bila kuinua kichwa. "Ni mimi huyu?"

Mimi ningesema ndiyo. Mtu yeyote mwenye akili timamu angesema ndiyo.

"Hapana, mama," alisema Baba Mdogo. "Sikumchora mtu. Nilikuwa nachora uzito tu."

Nilitamani ardhi ipasuke. Miezi yote ile nilikuwa nimemwombea msamaha kwa dhambi ambayo hakuitenda, kisha nikamsingizia mbele ya mchungaji.

Bibi alitikisa kichwa polepole.

"Wewe unajua kuchora, ila hujui ulichochora. Huyu ni mimi. Mtoto ameona, kanisa zima limeona, hata yule mlevi ameona. Lakini umekosea." Akaweka kidole upande wa kushoto, pale mstari ulipoanza kushuka. "Nami nimetoa gunia zima, sitaki kazi nusu. Hilo lori la kaka yako likija Jumatatu litaondoka na mbao zake. Kaa hapa urekebishe."

"Nimekosea nini?"

"Umenisawazisha, kulia sawa na kushoto. Mimi siko hivyo."

Akainuka, akatupa mgongo kwetu, akainama palepale jikoni kama anavyoinama shambani, mikono imeshika jembe ambalo halipo. Nilikuwa nimemtazama akiinama kila siku ya Mungu tangu nilipoletwa, na sikuwa nimeona. Bega lake la kushoto lilikuwa chini ya lile la kulia kwa upana wa kiganja kizima.

"Hili lilishuka mwaka ule baba yako alipofariki," alisema, bado ameinama. "Ulikuwa hujaanza kutembea. Nikikulaza chini unalia, akikupokea mwingine unalia. Nikalima msimu mzima na wewe mgongoni, na hukutaka kulalia upande wa kulia hata mara moja. Ni hapahapa tu. Ulipoanza kutembea nikasema sasa litapanda. Halikupanda."

Baba Mdogo alichutama kando ya mafiga, akatafuta kipande cha mkaa kilichopoa, akarudi kwenye karatasi nacho. Bibi alipiga magoti tena karibu yake.

"Shusha," alisema.

Akaushusha mstari.

"Bado."

Akafuta kwa kiganja, akaushusha tena.

"Usinionee haya. Bado."

Akaushusha tena, safari hii akiwa haoni vizuri, maana machozi yalikuwa yanamdondokea juu ya kaki na kutengeneza madoa. Bibi hakumwambia anyamaze. Aliutazama mstari ulipofika, akaweka kiganja chake kikubwa juu ya weusi ule.

"Hapo," alisema. "Hapo ndipo ulipokuwa umelala."